Kilo ya Dorcas

Mzee Shimba alikuwa amebakiwa na meno manne tu ya mbele, na moja kati ya hayo aliliacha kwenye hafukeki ya Ng'washi, huko Kamanga, mbele ya wageni wote wa posa. Ulikuwa msimu wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba. Jino halikudondoka kistaarabu. Lilibaki limesimama ndani ya hafukeki, na mzee akaiinua, akaitazama kwa kitambo, kisha akairudisha kwenye sahani taratibu na kuuliza kofia yake iko wapi.

Kabla kofia haijapatikana, jina la Dorcas lilikuwa limeshatajwa. Dorcas mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya maji, nyumbani kwake Kirumba, anakaanga hafukeki zake za kila siku za kuuza mwaloni, kwenye soko la samaki, zile ambazo wachuuzi wa dagaa huzigombea kabla hazijapoa. Ng'washi ni wifi yake, dada wa mumewe Luhaga. Na hizo hafukeki zilizomtoa mzee wa watu jino zilipikwa kwa maelekezo ya Dorcas, tena yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Winnie, binti wa Ng'washi, alipata mchumba, mwalimu mmoja kijana aitwaye Nathaniel, na Mzee Shimba ndiye baba mkubwa wa huyo kijana na ndiye msemaji wa ukoo wao. Winnie alisoma sekondari mjini akikaa kwa Dorcas miaka yote, na mpaka leo humwita mama wa Kirumba. Dorcas alizaa watoto wa kiume tupu, wanaokula na kuondoka. Kwa hiyo tangu Winnie alipomnong'oneza habari za Nathaniel, Dorcas aliweka nadhiri moja tu moyoni: siku ya harusi ya huyu mtoto, jikoni nitasimama mimi. Hakutaka kiti cha mbele wala kitenge cha sare. Alitaka moto, karai na nafasi ya kufoka.

Ng'washi naye alijua hayo, na hakuyapenda sana. Wageni wa posa walipokaribia, akavuka maji kumfuata wifi yake na kumwambia anataka kupika hafukeki kwa mkono wake, watu wasije wakasema mama wa binti hununua mapishi ya wenzake. Dorcas akamwelekeza palepale kivukoni, wamesimama katikati ya kuku na magunia. Unga wa ngano kilo nne, sukari kilo moja, maziwa lita moja, mafuta kikombe, baking pauda vijiko vya kutosha. Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini wifi ni wifi, mdomo ukamwasha, akaongeza kwamba safari hii Ng'washi afuate alichoambiwa, asipike kwa kubahatisha kama kawaida yake, na unga wake asiulegeze kama uji wa mgonjwa, aukande uwe mgumu mpaka atoke jasho.

Ng'washi alirudi Kamanga amevimba. Akasema atafuata, na atafuata mpaka huyo Dorcas akome. Mume wake, Chenge, alikuwa mnunuzi wa pamba, na uani kwake zilining'inia mizani mbili: ile kubwa ya magunia, na ndogo ya kutundika, ya kupimia pamba ya akina mama wanaoleta kidogokidogo kwenye kanga. Ng'washi akatwaa ile ndogo. Akapima unga mpaka mshale ukasimama kwenye nne, si chini si juu. Akapima sukari mpaka moja. Akamimina maziwa lita yake. Alipoanza kukanda, akakuta ameshika kitu kama mchanga wa kujengea. Mpishi mwingine yeyote angeongeza maziwa. Ng'washi akakumbuka uji wa mgonjwa, akasema thubutu. Akaupeleka unga kwenye kinu, akautwanga kwa mchi hadi ukashikana, akaukata, akaukaanga, akaupanga kwenye sahani nzuri za kabatini.

Yaliyofuata mmekwisha kuyasikia.

Dorcas aliletewa habari na Winnie mwenyewe, kesho yake, macho yamemvimba kwa kulia kivuko kizima. Upande wa Nathaniel walikuwa wamesema wanakwenda kufikiri upya, na watu wa kule wakisema wanakwenda kufikiri upya huwa hawarudi. Mama yake alikuwa amesema zaidi. Alisema Dorcas amefanya makusudi. Wapishi wote wana hiyo tabia, alisema, wakikugawia mapishi wanachomoa kitu kimoja au wanazidisha kingine, ili siku zote ukikosea uwarudie. Na kwamba Dorcas ana kijicho kwa sababu hakujaliwa binti. Na kwamba hata huyo Nathaniel akirudi, harusi ikawepo, Dorcas asionekane jikoni kwake hata kwa kupita.

Hilo la binti lilimchoma. Dorcas ni mtu wa kujibu, hajawahi kukosa neno la kumrudishia mtu, lakini siku hiyo alikaa kwenye kigoda akaacha mafuta yaungue. Ingekuwa ni kutukanwa tu angetukana. Hili liliingia mahali ambapo alikuwa hajamwonyesha mtu. Winnie akamshika mkono akamwambia yeye haamini maneno yale hata kidogo, na Dorcas akaona kwamba mtoto anasema hivyo huku akimtazama usoni kidogo zaidi ya inavyostahili. Hapo ndipo alipokata shauri.

Luhaga, mumewe, alimshauri ayaache, yatakwisha yenyewe. Luhaga ni mtu wa amani, maana yake ni mvivu wa kugombana. Dorcas akamwambia abaki na amani yake. Akachukua unga, sukari, karai, na kopo lake la kupimia. Kopo lenyewe lilikuwa la Kimbo, la bati, lililoisha mafuta zamani, limekwaruzika na kubonyea ubavuni, lakini maandishi ya kilo moja bado yanasomeka. Hilo ndilo lililokuwa kilo ya Dorcas. Kusema kweli ndilo lililokuwa kilo ya Kirumba yote. Unga unapimwa humo, sukari humo, maharage humo, dagaa humo, na anayeuliza ni kiasi gani anaambiwa kilo, kwani hajui kusoma? Mwisho, kwa kuwa mtu haendi ugomvini mikono mitupu, alinunua na kopo jipya la Kimbo, lililofungwa, la kumpa wifi yake kama zawadi. Baada ya kumshinda, lakini.

Alifika Kamanga siku ya kununua pamba, na uani kwa Chenge palikuwa pamejaa watu. Chenge tangu apate leseni alikuwa amenunua miwani ya jua na kuanza kujiita mwekezaji. Ndugu zake walimpigia saluti kwa utani, na yeye aliipokea bila utani. Wanaume walikuwa kwenye mizani kubwa na magunia yao. Akina mama walikuwa kwenye ile ndogo, kila mmoja na furushi lake la kanga. Na kwenye foleni ya magunia, ameketi juu ya gunia lake mwenyewe, alikuwepo Mzee Shimba. Posa alikuwa ameisimamisha, ila pamba haiwezi kufikiri upya, na mnunuzi wa karibu alikuwa Chenge.

Dorcas akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba iliyopita kwenye pengo ikatoka na mluzi. Watu wakaangalia chini. Kisha Dorcas akapanga mafiga palepale uani, akawasha moto, akatangaza kwa sauti kwamba amekuja kupika hafukeki zilezile, kwa maelekezo yaleyale, hadharani, na mzee atakula ya kwanza, na kama itamuumiza hata ufizi, yeye Dorcas hatakanyaga Kamanga tena.

Ng'washi akatoka jikoni na upawa mkononi. Hakumkaribisha. Akasimama kumwangalia wifi yake anachota unga kwa kopo, anaujaza, anausawazisha kwa kiganja, anaumwaga kwenye karai, na anahesabu kilo moja.

"Hiyo ndiyo kilo?" Ng'washi akauliza.

"Soma," Dorcas akamwambia.

Ng'washi hakusoma. Alichota kopo la pili mwenyewe, akausawazisha unga kwa kiganja vilevile, akaumimina kwenye mfuko wa nailoni, akautundika kwenye mizani ndogo. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama. Haukufika hata nusu. Ng'washi akageuka kwa umati kama mtu aliyeshika mwizi wa mahindi shambani, akawaita waje waone kilo ya mjini, kilo isiyofika nusu, ndiyo aliyotumwa nayo ili aaibike mbele ya wakwe. Wanawake wakasogea. Mmoja akacheka, na wengine wakaona ruhusa imetolewa.

Miaka yote hiyo, kilo ile ilikuwa kilo. Dorcas akalitazama kopo, akaitazama mizani, akasema lililokuja.

"Hili kopo limeandikwa kiwandani. Hiyo mizani yenu imeandikwa na nani?"

Alisema kwa hasira tu. Hakuwa na lengo lolote. Lakini kicheko kilikatika, na akina mama wenye kanga wakainua vichwa wote kwa pamoja wakaielekea ile mizani. Kumbe swali hilo walikuwa nalo siku nyingi, kila mmoja na lake, tangu nyumbani furushi lilipokuwa likimvunja shingo na hapa likageuka unyoya. Walikuwa hawajapata mtu wa kuliuliza mbele ya Chenge.

Chenge akafika na miwani yake. Akaeleza kwa Kiswahili cha redioni kwamba mizani ile ni ya kisasa, imekaguliwa, na kwamba shemeji yake ni mkaanga maandazi, asiingilie masuala ya kitaalamu. Laiti asingesema la maandazi. Dorcas aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa lile kopo jipya la zawadi, limefungwa, linang'aa, akaliinua kila mtu alione.

"Shemeji, hili halijafunguliwa. Mafuta yako ndani, na nje wameandika kilo. Pima hili."

Chenge akasema hana muda. Mzee Shimba akajiinua juu ya gunia lake, polepole, akasema yeye anao. Akalitwaa kopo kwa mikono yake, akalitia kwenye mfuko, akalitundika. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye robo tatu.

Chenge akasema hao wa kiwandani ni wezi, siku hizi biashara huria, kila mtu anapunja. Mzee Shimba akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ni kweli, dunia imeharibika, tuthibitishe. Akatuma watu dukani kwa Bashiru, hapo ng'ambo ya barabara, waazime kila kilichofungwa na kuandikwa kilo. Ikaletwa sukari ya paketi. Robo tatu. Ikaletwa chumvi. Robo tatu. Ukaletwa unga wa sabuni, na Bashiru mwenyewe akaja nyuma yake kulinda mali yake na kutazama. Robo tatu. Siku hiyo pale Kamanga, viwanda vyote vilivyokuwa na bidhaa kwa Bashiru vilikuwa vimepunja, tena vyote kiasi kilekile, kana kwamba vilikuwa vimekaa kikao.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akafungua fundo la kanga yake, akaitazama pamba iliyokuwa ndani, akalifunga tena. Kisha wenzake nao wakafunga mafundo yao, wakasimama wakimtazama Chenge, na wanaume kwenye mizani kubwa wakaanza kuitazama ile kubwa nayo.

Sasa kila mtu alielewa, maana hata asiyejua hesabu anajua robo inavyouma. Mizani inayokula robo ukiiomba unga kilo nne inakupa zaidi ya tano. Ng'washi alikuwa amekanda zaidi ya kilo tano za unga kwa lita moja ya maziwa. Ng'washi mwenyewe aliliona hilo likija, na upawa ukamshuka mkononi. Dorcas alikuwa ameshinda. Alishinda kuliko alivyokuja kuomba.

Akageuka kumtafuta Winnie ili waangaliane kwa furaha. Winnie alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kinywani. Ndipo Dorcas akaona alichokifanya. Amemvua nguo baba wa bibi harusi mbele ya msemaji wa ukoo wa bwana harusi, na wateja wote wakishuhudia. Nani atakayepeleka ng'ombe kwa mwizi wa mizani? Kama angeweza kuyarudisha maneno kinywani angeyarudisha, akabaki yeye na kijicho chake alichosingiziwa, mtoto aolewe. Alifungua mdomo aseme labda kopo nalo lina kasoro, labda wapime tena, lakini mzee akamtangulia.

Mzee Shimba akarudi kukaa kwenye gunia lake. Akajifuta jasho. Akamwita Chenge kwa upole, kwa jina, bila mwekezaji.

"Ile posa yetu. Ng'ombe mlitaka wangapi?"

Chenge akavua miwani. "Ishirini, mzee."

"Ishirini ni sawa. Hatuna ubishi. Ila hiyo ishirini yenu tutaitundika kwanza kwenye mizani hii, tulipe itakayosoma."

Watu wakapiga hesabu. Mama mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyefika wa kwanza, akasema kumi na tano, na uwanja mzima ukalipuka. Watu walicheka mpaka Bashiru akakalia chumvi yake. Mzee Shimba alicheka na lile pengo lake likaonekana lote, na hakujali. Akamwambia Chenge kwamba kuna sharti lingine dogo: pamba yote ya akina mama iliyopita kwenye ile mizani msimu huu irudiwe hesabu, kila robo tatu iandikwe kilo. Na ile mizani kubwa itapimwa leoleo, kwa paketi zote za Bashiru, kabla ya gunia lake kupanda. Chenge alitazama umati, akamtazama binti yake, akasema amekubali. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa nayo kabla ya leseni.

Dorcas akamalizia kupika maana moto ulikuwa unawaka bure. Mzee alipewa hafukeki ya kwanza. Aliichovya kwenye chai kwa tahadhari, akaibonyeza kwa ufizi kwanza, kisha akaila, kisha akaomba ya pili. Ng'washi alipokea lile kopo la zawadi bila kumtazama wifi yake machoni. Akasema asante. Baadaye akamfuata hadi kivukoni, akamwambia harusi ikifika jiko ni lake, na akarudi haraka kabla hajajibiwa.

Harusi ilifungwa baada ya msimu. Kumi na tano walifika, wanene. Dorcas aliingia jikoni alfajiri akatoka jioni, akafoka mpaka sauti ikakauka, akawafukuza mashangazi watatu na mchungaji mmoja aliyekuja kuonja. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aifiche wapi. Winnie alipita na gauni lake jeupe, akainama akamkumbatia kwenye moshi uleule, na mama wa Kirumba akamgombeza kwamba atachafuka huku akiwa hamwachii.

Wakati wa hafukeki ulipofika, Ng'washi akaja, akakunja mikono ya gauni ili amsaidie kukanda. Dorcas anachota kwa kopo lake, anasawazisha kwa kiganja, anamwaga. Kopo la kwanza. La pili. Kwenye la tatu Ng'washi akasema, taratibu, bila kuinua kichwa:

"Wifi. Siku ile kopo la mafuta lilisoma robo tatu. La unga halikufika nusu. Na makopo ni yale yale."

Dorcas akaendelea kuchota.

"Robo ni ya mume wangu," Ng'washi akasema. "Hiyo nyingine ni ya nani?"

Jambo hilo Dorcas alikuwa amelifikia mwenyewe siku ileile, kwenye kivuko, wakati wa kurudi. Kwamba kopo linaloenea kilo ya mafuta haliwezi kuenea kilo ya unga, kwa kuwa unga ni mwepesi. Kwamba hata kwa mizani ya haki, kilo nne zake zilikuwa mbili na nusu hivi, na Ng'washi angekanda mawe vilevile, labda mawe ya kung'oa nusu jino. Alilifikiria mpaka katikati ya maji, akaona halina faida kwa mtu yeyote, akaliacha hukohuko. Na huyu wifi yake alikuwa nalo muda wote huo, tangu msimu wa pamba mpaka harusi, mume wake anachekwa na kijiji kizima, na hakulitoa mbele ya watu.

Dorcas alisimama na kopo mkononi. Aibu ilimpanda, ile ya kweli. Alitaka kusema samahani, lakini hakuwa amelizoea hilo neno.

"Nusu ya kosa ni yangu," akasema.

Ng'washi akaitikia kwa kichwa. Akasogeza karai karibu na wifi yake, akatia mikono ndani, akauliza kama unga huu unataka kukandwa mpaka jasho au wamwongezee maziwa mgonjwa.

"Ongeza," Dorcas akamwambia, "kidogokidogo, mpaka uone unatosha."